Tundu Dogo, Hatari Si Ndogo

Mnamo 1931 daktari wa Marekani, Michael Burman, aliyekuwa akivichungulia viungo vya maiti kwa darubini nyembamba, aliandika kwamba kifundo cha mguu hakifai kwa kazi hiyo kwa kuwa nafasi iliyomo ni finyu mno. Mwaka wa 1972 Masaki Watanabe wa Japani akachapisha taarifa ya vifundo 28 alivyovichungulia. Darubini zilikuwa zimepungua unene. Nafasi yenyewe haikuwa imepanuka hata chembe, wala haijapanuka hadi leo.

Ndiyo maana nashangaa nisikiapo watu wakisema kwamba upasuaji wa tundu dogo ni jambo jepesi. Mpasuaji hutoboa matundu mawili mbele ya kifundo, akapenyeza kamera katika moja na chombo katika jingine, huku macho yake yakitazama kioo wala si mkono. Penye tundu la upande wa nje, chini kidogo tu ya ngozi, hupita mshipa wa fahamu unaoupa mgongo wa wayo hisia, na huo ndio hujeruhiwa mara nyingi zaidi. Mpasuaji mzoefu huuinamisha wayo kwanza hadi mshipa utokeze, akauchora kwa kalamu, kisha akakata ngozi peke yake na kuitanua nyama kwa koleo butu. Mwanagenzi aweza kuyaeleza hayo yote katika mtihani akapata alama kamili, ilhali mkono wake ungali unasukuma kwa pupa na kuikwaruza gegedu, ambayo ikishaharibika haiponi vyema.

Uzoefu nao si mvi. Aliyeunga mifupa ya paja kwa miaka 30 ni mwanafunzi tu mbele ya kifundo, ikiwa hajavizoea vifundo. La kuulizwa ni amefanya vingapi, lini, na nani alisimama kando yake alipofanya vile vya kwanza.

Maana lazima kiwepo cha kwanza. Walimu wanalijua hili: mwanagenzi hupewa darasa, akakosea, na kesho yake mwalimu mkuu wa somo akarekebisha. Mshipa uliokatwa hauna kesho ya namna hiyo. Basi makosa ya mwanzo na yafanywe juu ya maiti na vielelezo vya plastiki, na mgonjwa wa kwanza afanyiwe mbele ya mwalimu aliye tayari kukipokea chombo.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, "Daktari, umefanya vingapi?" Wengi wetu huliona swali hilo kuwa utovu wa adabu, tukatia sahihi karatasi kimya kimya.