Pima Mwendo Wako Kabla ya Kushindana kwa Baisikeli

(Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwenye kuongoza darasa awe na ubao, chaki na saa. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu.)

Natumaini mmekwisha kaa, na redio iko mahali ambapo hata walio nyuma wanasikia.

Somo letu la leo ni la baisikeli. Najua wapo watakaosema, "Bwana Mwalimu, baisikeli sisi twaijua tangu utoto." Ni kweli. Katika mkoa wetu wa Lindi baisikeli hubeba matenga ya samaki, magunia ya korosho, madumu ya maji na wagonjwa pia. Lakini kuendesha baisikeli ni jambo moja, na kushindana kwa baisikeli ni jambo jingine. Sikukuu zikikaribia, vijana wengi hutamani kushindana. Huanza kwa moto, wakaachwa njiani, wakaona haya, wasirudi tena. Wengine huumia. Leo tutajifunza jinsi mtu anayeanza anavyoweza kuujua mwendo wake, na ni mwendo gani umfaao. Tutatumia hesabu mlizokwisha jifunza, za kujumlisha na kugawanya.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua baisikeli ya mbio iliyokwisha tumika, nyepesi, yenye matairi membamba. Jumapili moja nikajiunga na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi kutoka Lindi mjini kwenda Mingoyo, safari ya zaidi kidogo ya kilomita 20. Kilomita 5 za kwanza nilikuwa mbele yao wote. Nilijiona shujaa. Kufika kilomita ya 8 miguu ikawa mizito kama magogo. Kufika kilomita ya 10 wote walikuwa wamenipita. Kabla ya kilomita ya 15 nilikuwa nimeshuka, nasukuma, jua linaniwakia, na maji sina.

Akanifikia mzee mmoja, mchuuzi wa samaki, juu ya Phoenix yake kuukuu, tenga limefungwa nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Imeharibika?"

"Haikuharibika, mzee. Nimechoka mimi."

Akanipa maji ya kunywa, akasema, "Mimi naondoka nyumbani hivi hivi, na sokoni nafika hivi hivi. Sikimbii, wala sisimami." Akapanda, akaenda zake. Nilipofika Mingoyo nilimkuta amekwisha uza nusu ya samaki wake.

Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mzee yule hakunipita kwa ujana, wala kwa baisikeli nzuri. Alinipita kwa elimu moja niliyoikosa mimi: aliujua mwendo wake.

1. Jinsi ya kuupima mwendo

Mwendo ni kilomita ulizokwenda, ukizigawanya kwa saa ulizotumia. Andikeni daftarini: kilomita 30 kwa saa 2 ni mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Hiyo ni rahisi.

Sasa sikilizeni swali hili. Mtu ametoka Lindi kuelekea Mchinga, yaani kaskazini. Ni miezi ya kusi, kwa hiyo upepo unamsukuma mgongoni. Anakwenda kilomita 15 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Anageuka kurudi. Upepo sasa uko usoni, naye anarudi kilomita zile zile 15 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Je, wastani wa mwendo wake ni kiasi gani?

(Kiongozi awape wanafunzi dakika 2.)

Wengi wenu mmejumlisha 30 na 15, mkagawanya kwa 2, mkapata 22 na nusu. Jibu hilo si sahihi. Tazameni saa. Kwenda alitumia dakika 30. Kurudi alitumia dakika 60. Jumla ni dakika 90, yaani saa moja na nusu. Kilomita 30 kwa saa moja na nusu ni kilomita 20 kwa saa. Upepo mbaya hula muda mwingi kuliko ule ambao upepo mzuri huuokoa.

Hapo ndipo vijana wengi hujidanganya. Hupima mwendo wakati wa kwenda tu, upepo ukiwa nyuma, kisha huwaambia wenzao, "Mimi nakwenda 30." Siku ya mashindano njia ikigeuka, ukweli hujulikana. Basi kanuni yetu ya kwanza ni hii: pima kwenda na kurudi, kwa njia ile ile, siku ile ile. Hesabu ya kweli ni ile ya mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba.

2. Hewa ni mzigo

Kwa nini mwendo wa 30 unachosha kuliko mwendo wa 15 zaidi ya mara mbili? Kwa sababu ya hewa. Hata siku isiyo na upepo, ukienda mbio unaisukuma hewa. Na ukiongeza mwendo mara mbili, hewa hukupinga mara nne. Kwa hiyo mwanzoni kuongeza mwendo ni kazi nyepesi, lakini kadiri unavyozidi kwenda mbio, kila kilomita moja unayoiongeza huiuza kwa bei kubwa zaidi.

Ndiyo maana washindani huinama, na ndiyo maana hufuatana kwa karibu kama siafu. Aliye mbele huikata hewa. Aliye nyuma yake huweza kupunguziwa robo ya kazi au hata zaidi. Kisha hupokezana. Mgeni asiyejua jambo hili hukaa mbele ili aonekane, akavuta kundi zima bila malipo, kisha wenzake wakamwacha wangali na nguvu zao.

Lakini angalieni: kufuata gurudumu la mtu kwa karibu ni kazi ya kujifunza. Anza ukiwa umbali wa urefu wa baisikeli moja. Usishike breki kwa ghafula. Ukiona shimo, lionyeshe kwa mkono na upaze sauti, maana aliye nyuma yako haoni.

3. Mwendo upi umfaao anayeanza?

Baisikeli ya kawaida ya kubebea mizigo huwa na uzito wa kilo kama 20. Katika mashindano makubwa ya dunia, sheria hairuhusu baisikeli iliyo chini ya kilo 6.8, na nyingi hukaribia uzito huo. Kwa hiyo usijilinganishe na mtu kabla hujaitazama baisikeli yake, wala usiingie mashindano kabla hujauliza ni ya baisikeli za aina gani.

Kwa baisikeli ya kawaida, mtu mzima mwenye afya huenda kilomita 12 hadi 16 kwa saa bila kujisumbua. Baada ya mazoezi ya miezi 3, akiweza kwenda kilomita 30 kwa saa moja na nusu, yaani mwendo wa 20, na kesho yake akaamka bila kuchechemea, basi anaweza kujaribu mashindano ya wanaoanza.

Kwa baisikeli ya mbio, mgeni huanza na mwendo wa 20 hadi 25. Ajiandae mpaka aweze kwenda 27 au 28, peke yake, kwa saa nzima, katika njia tambarare. Huyo akiingia katika kundi linalokwenda 32 ataweza kulifuata, kwa sababu walio mbele watamkatia hewa.

4. Mazoezi ya wiki 12

Wiki 4 za kwanza: panda siku 3 kwa wiki, dakika 30 hadi 45, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Wiki 4 za pili: ongeza siku moja, na siku moja ya wiki iwe ya safari ndefu, kwanza saa moja, mwisho saa mbili. Ongeza kidogo kidogo kila wiki. Wiki 4 za mwisho: siku moja tu kwa wiki jifunze kasi. Nenda kwa nguvu dakika 3, pumzika kwa mwendo wa pole dakika 3, rudia mara 5. Siku nyingine zibaki za pole kama zamani.

Msiwe na haraka ya kuongeza siku za kasi. Mwili haupati nguvu wakati wa kuchoka, huzipata wakati wa kupumzika na kulala. Mkulima hafukui mbegu kila asubuhi kutazama kama imeota.

Rekebisha pia tandiko. Kaa juu yake, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukikunjika sana, tandiko liko chini, na magoti yatauma.

5. Maji, chakula na barabara

Katika joto letu la pwani, anza saa 12 asubuhi, na umalize kabla jua halijawa kali. Chukua maji, nusu lita hadi lita moja kwa kila saa, unywe kidogo kidogo. Safari ikipita saa moja, kula ndizi mbivu mbili kwa saa, au tende. Ukihisi kizunguzungu, baridi juani, au maumivu ya kifua, simama papo hapo, kaa kivulini, uombe msaada. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza.

Vaa kofia ngumu ya kukinga kichwa. Jaribu breki zote mbili kabla ya kuondoka. Barabarani kuna malori na mabasi, nayo hayajui kama wewe unashindana. Kushindana ni kwa siku ambayo barabara imelindwa. Siku nyingine zote ni mazoezi, na katika mazoezi mshindi ni yule aliyerudi nyumbani.

6. Kuachwa si aibu

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 267 katika vilima, na mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alikwenda kwa wastani wa kilomita kama 42 kwa saa. Lakini sikilizeni hili: waliofika mwisho ni watu 30 tu. Wengine wengi waliacha njiani, na wote walikuwa mabingwa waliochaguliwa na nchi zao.

Tena, Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa bado mtoto wa shule alijifunza mbio za baisikeli kwa David Kinjah, Mkenya, huko Kikuyu. Mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, aliyashinda kwanza mwaka 2013. Fanyeni hesabu: alikuwa amefika mwaka wake wa 28. Hakuna aliyeupata mwendo huo kwa Jumapili moja, kama nilivyotaka mimi.

Hapa nchini, Mwanza, Shinyanga na Simiyu zina desturi kubwa ya mbio za baisikeli, na wanawake hushindana pia. Kina mama wa darasa letu, msidhani somo hili ni la waume zenu.

Basi ndugu zangu, kabla hujamshinda mtu, jijue. Andika daftarini tarehe, kilomita, dakika, na upepo ulikotoka. Baada ya miezi 3 daftari hilo litakuambia ukweli ambao rafiki zako wataona haya kukuambia. Nami leo naweza kwenda Mingoyo na kurudi bila kushuka. Si wa kwanza, lakini sisukumi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya darasa

1. Mtu amekwenda kilomita 10 kwa dakika 30, akarudi kilomita 10 kwa dakika 50. Wastani wa mwendo wake ni kilomita ngapi kwa saa?
2. Kwa nini anayeanza asikae mbele ya kundi muda mrefu?
3. Mzee mchuuzi alisema, "Sikimbii, wala sisimami." Maneno haya yanafaa katika kazi gani nyingine za maisha yetu? Jadilianeni.

(Jibu la swali la 1: kilomita 15 kwa saa.)