Nauli ya Kilo Moja

Ukitaka kuipa kilo moja ya mzigo kasi ya kilomita 8.78 kwa sekunde, fizikia tupu inakudai uniti 11 hivi za umeme. Kwa mita ya nyumbani, hiyo ni hela ya vocha tu. Hapo ndipo utamu wa StarTram ulipo, mpango wa Wamarekani James Powell na George Maise wa kurusha mizigo angani: handaki la kilomita 130 lililonyonywa hewa, mdomo wake juu mlimani, na chombo kinachoelea ndani yake kwa sumaku kikichomoka baada ya nusu dakika. Wenyewe walikadiria ujenzi dola bilioni 20, na nauli chini ya dola 50 kwa kilo.

Sokoni mambo ni mengine. Kwenye roketi ya Falcon 9 ya kuchangia, kama ile iliyoibeba setilaiti ya Kenya, Taifa-1, Aprili 2023, bei ya 2025 ilikuwa dola 325,000 kwa kilo 50 za mwanzo, kisha 6,500 kwa kila kilo ya ziada. Ni basi: linakushusha stendi, si mlangoni kwako. Ukitaka njia yako mwenyewe unakodi roketi ndogo ya Electron nzima, kilo 300 kwa bei iliyokuwa dola kama milioni 7.5, yaani 25,000 kwa kilo, tena iwapo umeijaza.

Sasa hizo dola 50. Kopa bilioni 20 kwa riba ya asilimia 5: riba peke yake ni bilioni moja kila mwaka. Handaki likipitisha tani 1,000 kwa mwaka, kila kilo inabeba dola 1,000 za riba, na bado hujamlipa hata mlinzi wa lango. Likipitisha tani 50,000, inabaki dola 20. Umeme si tatizo kabisa. Tatizo ni handaki kukaa tupu.

Na si kila mzigo utapita. Humo ndani, kasi inavyopanda, kilo moja inakandamizwa kama kilo 30. Maji, mafuta na vyuma vitavumilia, binadamu hapana. (Treni ya sumaku ya Japani ilifikisha kilomita 603 kwa saa mwaka 2015. Hapa tunazungumzia zaidi ya 31,000.)

Mwenye setilaiti ndogo na akate tiketi ya basi. Mwenye maji na mafuta ya kujaza handaki kila siku, huyo ningependa kumwona kwanza, kabla ya handaki lenyewe.