Shamba la Shule Si Adhabu

Ukitaja Montessori, wengi hufikiria watoto wa chekechea na shanga zao za kuhesabia. Ni kweli Maria Montessori, daktari wa Italia, alianza na wadogo, katika nyumba ya watoto aliyoifungua Roma mwaka 1907. Lakini baadaye aliandika pia juu ya vijana wa miaka 12 hadi 18. Aliona kwamba katika umri huo mwili hubadilika upesi, akili huchoka haraka, na kijana hutamani kuonekana ana thamani mbele ya wenzake. Kwa hiyo alipendekeza vijana waishi pamoja shambani, walime, wauze mazao, waweke hesabu, na masomo yatokane na kazi hiyo. Mtanzania atasema haya si mageni kwake, na atakuwa na haki: Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia jumuiya inayojizalishia.

Kwa nini basi katika shule nyingi shamba likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba? Kwa maoni yangu, tatizo kubwa lilikuwa maandalizi ya mwalimu. Aliagizwa kusimamia kilimo. Namna ya kukigeuza kilimo kuwa somo hakuoneshwa vya kutosha. Chukua Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, huko milimani mpakani na Burundi ambako kahawa ya arabika hustawi. Kahawa mbivu ikitiwa majini, punje mbovu huelea: hapo pana fizikia. Ikishamenywa huachwa ichachuke hadi ule utelezi utoke, na hiyo ni biolojia na kemia kwa pamoja. Kisha hukaushwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia 12, jambo linalodai vipimo na asilimia. Mafunzo ya awali ya mwalimu wa vijana yangemfanya kwanza achume, amenye na akaushe mwenyewe, halafu akae na walimu wenzake kutafuta ni mada gani za muhtasari zimepita mikononi mwao. Vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga haviko mbali.

Wapo watakaouliza: na mtihani wa taifa je? Swali ni la haki, maana hakuna mzazi anayemsomesha mwanawe ili aambulie sifuri. Ila anayeelewa uchachukaji kwa kuushuhudia hapotezi kitu akiulizwa juu yake kwenye karatasi, na mkondo wa amali ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 umeshaingiza kazi za mikono katika mtaala. Idadi kubwa ya wanafunzi darasani ni kikwazo kizito zaidi, na sidhani mafunzo peke yake yatakimaliza. Vikundi vyenye majukumu tofauti vinasaidia kwa kiasi tu.

Pingamizi ninaloliogopa ni la wazazi wanaosema watoto wao watatumikishwa bure, kwa sababu yametokea. Jibu lake limo katika mpango wenyewe wa Montessori: vijana ndio wanaoshika hesabu. Mwalimu afunzwe kuwakabidhi daftari la mauzo, kueleza mbele yao kila shilingi iliyotoka, na kukubali kuulizwa na mtoto wa kidato cha pili fedha ya magunia imekwenda wapi. Somo hili halihitaji vifaa vya kununua, lakini walimu wakuu wengi wataliona gumu kuliko mengine yote.