Kabla ya Kulaumu Giaboksi

Gari la otomatiki likianza kugoma kubadilisha gia huko Kinkondja, mwenye gari huambiwa mara moja kuwa giaboksi imekufa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Giaboksi nyingine ikatafutwe Lubumbashi, ipite reli au barabara hadi Bukama, kisha ifikishwe huku kando ya Ziwa Kisale. Na pengine kilichoharibika ni sensa ya spidi, kifaa kinachoenea kiganjani.

Kompyuta ya gari haioni barabara. Hujua mwendo wa gari kwa kuhesabu mapigo ya umeme kutoka sensa hiyo, ambayo mara nyingi hufungwa upande wa giaboksi unaotoa nguvu kwenda magurudumuni. Mapigo yakikatika, kompyuta hudhani gari limesimama au hujilinda kwa kubaki kwenye gia moja. Ndiyo maana gari linanguruma bila kupanda gia, linashtuka linapobadilisha, au gia ya mwisho haiingii kabisa.

Anza kwa kutazama mshale wa spidi. Ukirukaruka au ukilala kwenye sifuri huku gia nazo zikivurugika, sensa au waya wake ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mshale ukifa peke yake na gia zikaendelea vizuri, tatizo huenda liko kwenye dashibodi. Pima pia oili ya giaboksi kwa njia inayotajwa na mtengenezaji wa gari lako, maana oili pungufu huleta dalili zinazofanana na hizi, na oili yenye harufu ya kuungua inasimulia habari nyingine kabisa.

Magari mengi ya Katanga ni Toyota kuukuu za Japani, usukani kulia, zilizopitia bandari ya Dar es Salaam. Nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji mashine ya kupimia. Fungua kile kiboksi cha plastiki karibu na injini, tafuta matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, yaunganishe kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Kitufe cha gia ya mwisho kiwe kimebonyezwa ndani. Taa ya O/D OFF itamweka: mara 4, itulie kidogo, kisha mara 2, ni 42, mara 6 kisha mara 1, ni 61. Namba zote mbili zinahusu sensa za spidi. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Soma maandishi ya kifuniko kwa makini, kwani kuunganisha matundu yasiyo yake kunaweza kuunguza kitu. Magari mapya zaidi yana tundu la pini 16 chini ya dashibodi, na kwa kosa hili mashine huonyesha P0500 au P0720.

Hapa ndipo wengi hupotea. Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema mapigo hayafiki, na kati ya sensa na kompyuta kuna waya mrefu uliopita kwenye tope la masika, vumbi la kiangazi na meno ya panya. Chomoa soketi. Ukiona kutu ya kijani kama malakiti kwenye pini, isafishe, ikauke, kisha jaribu gari kabla ya kununua chochote.

Kutu isipokuwepo, chukua mita ya umeme. Sensa ya waya mbili ni koili na sumaku: kwa kawaida hupima omu mamia kadhaa hadi elfu chache. Mita ikionyesha waya umekatika ndani, sensa imekwisha. Ile ya waya tatu hailingani na kipimo hicho. Kwanza hakikisha umeme unaifikia, halafu tega mita kwenye waya wa ishara. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua kwa jeki gurudumu moja linaloendeshwa, weka stendi chini ya gari, gia iwe N, swichi iwake, kisha lizungushe polepole kwa mkono. Volti zikipanda na kushuka, sensa inafanya kazi. Mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee.

Ukiitoa sensa, tazama ncha yake. Utandu laini wa kijivu ni wa kawaida, ufute. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni dalili ya mambo makubwa zaidi. Kwenye aina zenye gia ndogo ya plastiki, kagua meno: yakiwa yamelika, sensa mpya haitasaidia hata kidogo.

Ukimaliza, futa kosa kwenye kompyuta, endesha, soma tena. Mshale ukitembea sawasawa, namba isiporudi, na bado gia zinateleza, sensa haina hatia. Hapo sasa muite fundi wa giaboksi.