Kamera ya DSLR kwa picha za mtoto: Faida, hasara na jambo la kuchunguza

Mtoto anapiga hatua zake za kwanza sebuleni, baba anachomoa simu haraka, na picha inatoka ukungu mtupu. Hapo ndipo wazazi wengi huanza kuulizia bei ya DSLR, ile kamera kubwa ya wapiga picha wa harusi.

Ndani yake kuna kioo kinachopeleka mwanga wa lenzi kwenye tundu la kuchungulia. Mpigaji huona kile kile inachoona lenzi.

Faida

Sehemu yake inayopokea mwanga ni kubwa kuliko ya simu, hivyo hufanya vizuri hata kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Hunasa haraka mtoto anayekimbia, betri ikijaa hupiga mamia ya picha, na lenzi hubadilishwa kulingana na mahitaji.

Hasara

Ni nzito, hasa kwa mama aliyembeba mtoto mgongoni. Vumbi huingia lenzi inapobadilishwa. Kwenye unyevu wa pwani, kama Tanga au Zanzibar, lenzi iliyofungiwa kabatini huota fangasi. Ihifadhi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Canon na Nikon nazo zimeelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo. Ukinunua ya mtumba, ulizia imeshapiga picha ngapi, kwani vifaa vyake vya ndani huchakaa.

Angalia macho

Flashi ya simu iko karibu na lenzi, hivyo mboni za mtoto zinaweza kuonekana nyekundu. Hiyo ni kawaida. Lakini mboni moja ikionekana nyeupe, inaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Inaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au pembe tu ya picha.

Flashi ya DSLR iliyoinuliwa juu au kuelekezwa darini huondoa wekundu huo, na inaweza kuficha weupe pia. Kwa hiyo picha nzuri siyo kipimo cha macho.

Ukiona weupe huo, usisubiri ujirudie. Tunza picha hiyo na umpeleke mtoto kwenye hospitali yenye daktari wa macho. Ugonjwa huu ukiwahiwa, maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingi hata jicho lake.