Sauti Iliyowekwa Rehani

Maneno deni, rehani na mufilisi si mageni masikioni mwa watu wa Unguja na Pemba. Wazee wetu waliyajua kwa mikarafuu. Mwenye shamba alikopa kabla ya mavuno, akitegemea karafuu zilizokuwa bado mitini. Bei ikaanguka, deni likabaki palepale, na shamba likahama mkono. Mambo yalifika hadi serikali ya kikoloni, mwaka 1934, ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe ovyo kwenda kwa watu wengine. Neno mufilisi lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mtu aliyefikia hali ya kubakiwa na fulusi tu, yaani vijisenti vya shaba, baada ya dhahabu na fedha yote kumtoka.

Leo hatukusudii kuzungumza juu ya karafuu. Tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana katika idara za serikali, khabari ya rehani ya namna nyingine, ambayo ndani yake hakuna shamba wala nyumba wala jahazi. Kilichowekwa rehani ni nyimbo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, na huko sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri na Gramophone Company ya Uingereza. Sahani hizo zilitoka kwa alama ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa aliyetega sikio mbele ya gramafoni. Taarabu, ambayo katika majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, yeye aliiimba kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida akaweza kuisikia na kuifahamu. Shaaban Robert hakuona taabu kumwandikia wasifu mwanamke huyu aliyetoka katika ufinyanzi wa vyungu.

Miaka mitatu baada ya safari ile ya Bombay, katika mwaka 1931, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umeporomoka na sahani haziuziki, Gramophone Company iliungana na mshindani wake, Columbia. Ndipo ilipozaliwa kampuni iliyojulikana kwa herufi tatu, EMI. Mwaka huohuo EMI ilifungua studio yake mashuhuri katika barabara ya Abbey Road, London, ambamo miaka thelathini na kitu baadaye vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, walirekodi nyimbo zilizozunguka ulimwengu. Kwa hiyo tunapoizungumzia EMI hatuzungumzii jambo la ugenini kabisa. Tunaizungumzia nyumba ambayo mmoja wa watu wetu alipata kuwa mpangaji ndani yake.

Basi nyumba hiyo iliuzwa mwaka 2007. Aliyeinunua ni kampuni ya kibepari ya London iitwayo Terra Firma, jina ambalo kwa Kilatini maana yake ni ardhi thabiti. Bei ilikuwa pauni bilioni 4.2. Hapa tunaomba msomaji asipite haraka, kwani siri ya mambo yote imo katika namna bei hiyo ilivyolipwa. Mnunuzi hakutoa fedha zote mfukoni mwake wala mwa waliomkabidhi akiba zao. Sehemu kubwa, kiasi cha pauni bilioni 2.5, ilikopwa kutoka benki ya Kimarekani ya Citigroup, na mkopo huo ukabebeshwa mgongoni mwa EMI yenyewe.

Tufanye mfano wa nyumbani. Mtu anataka kununua shamba la jirani yake, lakini fedha zake hazitoshi. Anakwenda kwa tajiri, anakopa zaidi ya nusu ya bei, anaweka rehani shamba lilelile ambalo bado hajalinunua, kisha anaweka sharti kwamba deni lilipwe na karafuu za shamba hilo, si na yeye. Karafuu zikipanda bei, faida ni yake. Zikianguka, mikarafuu ndiyo inayodaiwa. Huko Ulaya na Marekani utaratibu huu ni halali na una wanasheria wake na wahasibu wake, na ndio uliotumika kununulia maduka, hospitali na viwanda vingi katika miaka ile. Sisi tunauona kuwa ni ujanja wa kuhamisha hatari kutoka kwa mwenye kuamua kwenda kwa asiyeulizwa.

Na bei ya karafuu hizi ilikuwa tayari inaanguka. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watu walikuwa wamejifunza kupeana nyimbo bure kwa njia ya kompyuta, na mauzo ya sahani za CD yalipungua mwaka hadi mwaka. Tena, katika majira yaleyale ya joto ya mwaka 2007 ambayo ununuzi ulikamilika, masoko ya mikopo ya dunia yalianza kuganda. Benki iliyokuwa imetumai kuligawa deni lile na kuliuza kwa wengine, kama ilivyo desturi yao, ikabaki nalo mkononi.

Mwezi wa Januari 2008 wenye kampuni wapya walitangaza kwamba wafanyakazi kati ya 1,500 na 2,000 watapunguzwa, na hao walikuwa kama theluthi ya wafanyakazi wote. Wasomaji watambue mpangilio huo. Mdai wa kwanza kulipwa ni benki, kwa kuwa ameandikiwa rehani. Mfanyakazi wa ghalani, karani wa hesabu na fundi wa mitambo, ambao hawakukopa hata pauni moja, ndio wa kwanza kutoa mchango.

Lakini palikuwa na jambo ambalo wataalamu wa hesabu hawakulitia maanani, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Mkarafuu umekita mizizi. Ukiwekwa rehani leo, kesho utaukuta palepale. Mwimbaji ana miguu. Kundi la Radiohead, ambalo mkataba wake ulikuwa umekwisha, halikurudi tena, na mwezi wa Oktoba 2007 likatoa nyimbo zake mpya lenyewe, likimwambia kila msikilizaji alipe kiasi anachoona kinafaa. Rolling Stones walihamia Universal mwaka 2008. Paul McCartney alikuwa amekwisha kuondoka, na Queen nao wakafuata baadaye. Pink Floyd hawakuishia kunung'unika. Waliipeleka EMI mahakamani, na mwezi wa Machi 2010 wakashinda katika hoja kwamba nyimbo za albamu zao zisikatwekatwe na kuuzwa mojamoja bila idhini yao. Kumbe basi nusu ya ile mali iliyowekwa rehani ilikuwa ni ridhaa ya watu, na ridhaa haifungiwi ndani ya sanduku la benki.

Zilizobaki ni nyimbo za zamani. Hizo hazikuwa na miguu. Waimbaji wake ama walikuwa wamefariki, ama walikuwa wamekwisha kutia saini miaka mingi nyuma, wakati hakuna aliyefikiri kwamba kampuni kubwa kama ile ingeweza siku moja kuwa bidhaa katika mnada.

Mkopo wa namna hii huja na masharti. Benki huweka kipimo cha mapato kulinganisha na deni, na kila mapato yanaposhuka chini ya kipimo, mwenye kampuni hana budi kutia fedha mpya au kuiachia. Mwaka 2010 Terra Firma iliwaomba waliomkabidhi akiba zao zaidi ya pauni milioni 100 ili kuvuka kipimo hicho. Katika mwaka huohuo magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba hata studio ya Abbey Road huenda ikauzwa. Wananchi wa huko walipiga kelele, na haikupita muda, katika mwezi uleule wa Februari, serikali yao ikaliandikisha jengo lile miongoni mwa majengo ya historia yanayolindwa na sheria. Tunapenda maofisa wetu walikumbuke jambo hilo: jengo liliokolewa na andiko la serikali, si na huruma ya mdai.

Tarehe 1 Februari 2011 mambo yalikwisha. Kampuni ya juu iliyoundwa kwa ajili ya kuimiliki EMI ilionekana kuwa na madeni kuliko mali. Ikawekwa chini ya mfilisi, na siku hiyohiyo EMI ikapita mikononi mwa Citigroup. Deni lilikuwa limefika pauni bilioni 3.4. Benki ililifuta hadi likabaki pauni bilioni 1.2, jambo ambalo lingeweza kufanywa miaka mitatu mapema, kabla ya maelfu ya watu kukosa kazi. Kesi baina ya mnunuzi na mkopeshaji, ya nani alimdanganya nani, ziliendelea New York na London hadi mwaka 2016 bila mnunuzi kupata kitu.

Na benki hiyo iliyoshika rehani, je, yenyewe ilikuwa salama? Mwaka 2008 Citigroup ilikuwa karibu kuanguka, na serikali ya Marekani ikaitilia dola bilioni 45 kutoka hazina ya umma. Huo ndio ubepari usiopenda mkono wa serikali.

Kisha nyumba ikagawanywa. Sauti zilizorekodiwa zilikwenda Universal kwa pauni bilioni 1.2, haki za utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, zilikwenda kwa ushirika ulioongozwa na Sony kwa dola bilioni 2.2. Wakubwa wa Jumuiya ya Ulaya waliona Universal imekuwa kubwa mno, wakailazimisha iuze sehemu, na Warner ikanunua Parlophone mwaka 2013 kwa pauni milioni 487. Wimbo mmoja ukaweza kuwa na mabwana wawili katika nchi mbili, na mwimbaji wake hakuulizwa lolote.

Sasa turudi Fumba. Kwa kipimo cha sheria ya Uingereza iliyokuwapo wakati ule, sauti iliyorekodiwa ililindwa miaka 50. Muda huo ulirefushwa kuwa miaka 70 mwaka 2013, lakini kwa zile tu ambazo muda wake ulikuwa haujakwisha. Kwa hesabu hiyo sahani za mwaka 1928 zilitoka katika ulinzi zamani sana, kabla Terra Firma haijazaliwa. Mtu anaweza kusema basi, hakuna aliyeiweka rehani sauti ya Siti. Ni kweli, kwa karatasi. Lakini haki ya kuipiga sahani ni kitu kimoja, na kuwa nayo sahani ni kitu kingine. Haifai kitu kuambiwa kisima ni cha umma ikiwa ndoo na kamba vimo katika ghala la mtu. EMI yenyewe iliunda wakfu mwaka 1996 wa kutunza hazina yake ya kale huko Hayes, magharibi ya London, nje ya mikono ya wanunuzi na wadai, na hilo twalisifu, ingawa ghala hilo liko mbali na Fumba maili elfu kadhaa.

Tunazo sauti nyingine ambazo umri wake bado ni mdogo. Ni nyimbo za vikundi vyetu vya taarabu, zilizorekodiwa katika miaka ya sitini na kuendelea, nyingine na idhaa, nyingine na wafanyabiashara waliopita na mashine zao. Zanzibar ilijitungia Sheria ya Hakimiliki mwaka 2003, na sheria hiyo ni silaha nzuri kwa mwenye kuweza kuonyesha kilicho chake. Ofisa anayepelekewa mkataba na kampuni ya kigeni inayotaka kuzitoa upya nyimbo hizo, au kuzitia katika simu za watu, hukagua kiwango cha malipo, na mara nyingi huishia hapo. Sisi twamwomba asome zaidi. Atafute mahali palipoandikwa kampuni ikiuzwa itakuwaje, na ikifilisika itakuwaje. Nyimbo zitarudi kwa wenyewe, au zitahesabiwa pamoja na meza na viti vya ofisi na kugawiwa wadai? Ikiwa hapakuandikwa kitu, basi jibu limekwisha kuandikwa na sheria ya nchi ya mdai.

Aidha twaziomba idara zinazohusika na utamaduni, idhaa na nyaraka zikae pamoja na viongozi wa vikundi, ziandike katika daftari moja kila ukanda na kila sahani: nani aliimba, nani alitunga, mwaka gani, nani aliirekodi, na sahani mama iko wapi. Baadhi ya wapiga udi na fidla waliokuwamo katika vyumba vile vya kurekodia wangali hai na wanakumbuka, na baraza zao zinajulikana.