Kipimo cha sida kinaona nini?

Virusi vya sida viliingia Lubumbashi yapata mwaka 1937, mji ungali ukiitwa Élisabethville. Hakuna daktari aliyeviona wala kuviandika wakati huo. Makadirio hayo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science na Nuno Faria na wenzake, waliosoma jeni za virusi kutoka miji kadhaa ya Kongo. Kwa hesabu yao, maambukizi yalianza kuenea Kinshasa, Léopoldville ya enzi hizo, karibu na mwaka 1920, kisha yakafuata njia za wasafiri. Reli ya BCK, iliyofika Ilebo mwaka 1928, ilikuwa imeunganisha meli za mto Kasai na migodi ya shaba ya Katanga. Madaktari wa Marekani walikuja kuueleza ugonjwa mwaka 1981, na virusi vikatambuliwa Paris mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka 40, basi, watu wa mji wetu wa Lubumbashi waliugua na kuzikwa bila mtu kujua kilichowaua.

Siri hiyo ndefu inatokana na maumbile ya virusi vyenyewe, na anayeyaelewa ataelewa pia kwa nini majibu ya kipimo yana masharti yake.

Virusi hivi hutafuta chembe nyeupe za damu zenye kipokezi kiitwacho CD4, chembe zinazoongoza kinga yote ya mwili. Hujishika hapo, hutumia kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5, kisha huingia. Ndani, kimeng'enya kimoja hugeuza RNA ya virusi kuwa DNA, na kingine huipachika katikati ya jeni za mtu. Chembe nyingi zilizoingiliwa huzalisha virusi vipya na kufa. Chache hulala navyo kwa miaka, na dawa za leo hazizifikii zikiwa zimelala. Ndiyo maana aliyeacha dawa, virusi vyake hurudi kwa kawaida katika muda wa wiki chache tu.

Kimeng'enya kile cha kwanza hunakili ovyo, kama mwandishi anayenakili kitabu cha herufi zipatazo 10,000 asirudie kukagua alichoandika. Kila kosa huweza kubadilisha sura ya virusi kabla kingamwili hazijaizoea. Lakini makosa hayohayo hujilimbikiza kwa mwendo unaokadirika, hivyo ukilinganisha virusi vya watu wawili unaweza kukisia ni miaka mingapi tangu vilipoachana. Damu iliyochukuliwa Léopoldville mwaka 1959, na kipande cha tezi kilichokatwa hukohuko mwaka 1960, viliwasaidia watafiti kuihakiki hesabu hiyo. Mwaka wa 1937 umepatikana kwa njia hiyo, nao ni makadirio yanayoweza kusogea miaka mingi huku na huku.

Turudi kwenye mwili wa aliyeambukizwa. Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, maumivu ya koo, mitoki na vipele. Hapa kwetu nani hatafikiria malaria kwanza? Homa hupoa yenyewe, na asiyetibiwa anaweza kukaa miaka ipatayo 10 akifanya kazi na kulea watoto huku CD4 zake zikipungua. Zikishuka chini ya 200 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu, kifua kikuu na magonjwa nyemelezi mengine hupata nafasi.

Sasa tazama meza ya maabara katika kituo cha afya hapa mjini, iwe katika komini ya Kenya au ya Katuba. Kidole kinachomwa, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, linafuatiwa na tone la dawa ya kusukumia, kisha mnasubiri kama dakika 15. Mstari wa kwanza unaonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Usipotokea, kitupwe na kuchukuliwa kingine. Mstari wa pili ukitokea, maana yake damu ina kingamwili zinazovitambua virusi. Vipimo vingi vya haraka havivioni virusi vyenyewe. Vinaona jibu la mwili, na mwili huhitaji wiki kadhaa kulitengeneza. Aliyeambukizwa siku 10 zilizopita anaweza kuonekana hana, wakati damu yake inaelekea kujaa virusi kuliko itakavyojaa kwa miaka mingi ijayo. Kwa vipimo hivi, jibu la kutoambukizwa linaaminika miezi mitatu baada ya tukio la hatari la mwisho. Na ambaye tukio lake halijatimiza saa 72 asingoje kipimo cha baadaye: aende leo akaombe dawa za kinga.

Mstari wa pili nao hautoshi peke yake. Chukua watu 1,000, kumi kati yao wakiwa na virusi, ambacho ndicho kiwango kinachokaribiana na cha nchi yetu. Kipimo kinachokosea mtu mmoja kwa kila 100 wasioambukizwa kitawapa watu wapatao kumi mstari usio wao, idadi sawa na ya walioambukizwa kweli. Kwa hiyo tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ameambukizwa. Mhudumu anayetamka neno hilo baada ya kipimo kimoja anafanya kosa kubwa, hata akiwa na haraka kiasi gani.

Kwa mtoto mchanga, hata vipimo hivyo vitatu vikikubaliana havisaidii. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kubaki ndani ya mtoto hata miezi 18, hivyo mstari wa pili unaweza kumsema mama tu. Mtoto anahitaji PCR, inayotafuta jeni za virusi zenyewe. Akiwa na wiki nne hadi sita, huchomwa kisiginoni, matone hukaushwa kwenye kadi na kupelekwa maabara. Kadi ikichelewa njiani, mtoto ndiye anayelipa: bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza vifo vya watoto hao kwa 76%. Ningekuwa na uwezo wa kuhamisha mashine moja tu ya PCR katika mkoa huu, ningeiweka karibu na wodi ya wazazi, majibu yatoke mama akiwa bado amekaa kwenye benchi.